Nyuzi za besi zinaniumiza mkono, na nina pesa ya seti moja tu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi cherehani wa Makorora, hapa Tanga, mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 34. Kikundi chetu cha taarabu ni kidogo. Tunapiga harusi za mitaani, Ngamiani na Mikanjuni, mara mojamoja tunaitwa hadi Muheza. Mwaka jana kijana aliyekuwa akipiga besi alihamia Dar es Salaam. Mimi nilikuwa muitikiaji, lakini hata nikiitikia sikio langu lilikuwa kwenye besi. Nikaomba nijaribiwe. Leo ni mwezi wa kumi na moja tangu nilishike gitaa hilo na sitaki kulirudisha.

Tatizo lilianza miezi miwili iliyopita. Nyuzi za zamani zilikuwa zimeshika kutu, basi shemeji yangu akatuletea mpya na akatufungia mwenyewe. Paketi iliandikwa 45 mpaka 105, za raundi, za stenlesi. Gitaa ni la kawaida la nyuzi nne, fundi aliwahi kunipimia urefu wa uzi unaopigwa akasema ni inchi 34. Tangu siku ile nikipiga harusi moja, asubuhi yake mkasi unanishinda. Vidole vinawaka, kiganja kinauma karibu na dole gumba, na mara mbili kidole cha mwisho na cha pili yake vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Sauti nayo siipendi. Imekuwa kali, na kila nikitelezesha mkono shingoni unasikia "kwii" mpaka kwenye spika.

Kila mtu ana dawa yake. Mpiga kinanda wetu anasema ninunue nyuzi za fleti kwa kuwa ni laini. Mzee mmoja aliyepiga dansi zamani anasema uzi mnene ndio besi yenyewe, nivumilie vidole viote sugu. Muuza duka wa Dar niliyempigia simu anasema anazo nyuzi fupi, za inchi 30, ambazo hata mtoto anazibonyeza. Nimedunduliza pesa ya seti moja tu, Mjomba. Nikikosea nitakaa nayo mwaka mzima. Ninunue zipi?

Fundi cherehani, Makorora

*

Marahaba mpwa wangu,

Nianze na ganzi. Kuwaka kwa ncha za vidole ni jambo la nyuzi na la mazoezi, hilo tutalimaliza hapa. Kufa ganzi kwa vidole viwili vya mwisho ni jambo la mshipa wa fahamu, na wewe mkono huo huo ndio unaokulisha. Nenda kamwone daktari, umweleze kazi zote mbili, cherehani na besi, umwambie na muda unaokaa umekunja kiwiko. Wala usisubiri nyuzi mpya ndipo uende.

Sasa pesa yako. Nakuomba ikae mfukoni wiki moja kwanza, kwa sababu hatujajua bado kama mkosaji ni nyuzi. Shemeji alikufungia seti mpya kwenye gitaa ambalo kwa miaka lilikuwa limezoea nyuzi nyingine. Seti ya 45 mpaka 105 kwenye besi ya inchi 34, ikityuniwa kawaida, huivuta shingo kwa jumla ya kilo 80 hivi, inazidi au kupungua kidogo kutegemea mtengenezaji. Kama zile za zamani zilikuwa nyembamba, shingo imepinda mbele kuzifuata hizi, na nyuzi zimenyanyuka. Hapo unabonyeza mbali zaidi kwa kila noti, usiku kucha.

Chukua rula ya shule ya mwanao. Simamisha gitaa kama unavyolipiga, usililaze mezani, upime nafasi kati ya mgongo wa freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) na tumbo la uzi. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiwa milimita mbili na nusu na uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, milimita mbili, mambo ni mazuri (kati yao kuna A, kisha D). Ukikuta nne au zaidi, mpwa wangu, umepata sehemu kubwa ya maumivu yako na hujatoa hata shilingi. Halafu tazama shingo yenyewe. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono wa pili ubonyeze pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Angalia katikati, freti ya saba au ya nane. Kadi nzito ya mwaliko wa harusi ipite hapo kwa kugusagusa. Ikipita na nafasi kubwa ikabaki, shingo imepinda. Ndani yake mna fimbo ya chuma inayokazwa kwa ufunguo. Mpelekee fundi anayeijua, akaze robo mzunguko, asubiri, apime tena. Usimpe mtu anayetaka kuizungusha mara tatu kwa pupa, fimbo hiyo ikikatika shingo imekwisha.

Nyuzi zikishashuka, fanya jaribio ambalo ningependa kila mpiga besi alifanye kabla ya kwenda dukani. Shusha nyuzi zote nne kwa nusu toni, yaani kiasi cha freti moja. Piga hivyo nyumbani peke yako siku tatu nne, nyimbo zile zile, muda ule ule.

Sababu yake ni hii. Mkazo wa uzi hutokana na uzito wake, na urefu wake kutoka kidaraja cha juu, kile cha upande wa vigingi, mpaka daraja la chini, na sauti unayoutyunia. Uzito ukiongezeka, mkazo huongezeka kwa kiasi kile kile. Urefu na sauti vina nguvu zaidi, ukivigusa kidogo tu mkazo unayumba mara mbili yake. Nusu toni ni kushusha sauti kwa asilimia sita hata haijafika, lakini mkazo unashuka kwa asilimia 11. Na uzi wa E wa 105 ulioshushwa nusu toni unavuta karibu sawasawa na uzi wa 100 uliotyuniwa kawaida. Kwa hiyo unazijaribu nyuzi za dukani ukiwa nyumbani kwako. Mkono ukipata nafuu, umejua unataka seti ya 40 mpaka 100. Ukitaka kujua seti nyembamba zaidi, ya 95, itakuwaje, shusha toni nzima. Hapo nadhani utasikia E inalegea na kugonga freti, na wewe mwenyewe utasema hapana. Na usipopata nafuu yoyote hata baada ya kushusha, basi usinunue nyuzi nyembamba. Rudi kwenye namna unavyoshika: kifundo cha mkono kimekunjwa kupita kiasi, mkanda ni mrefu mno, au dole gumba linakamua shingo kama unakamua nazi.

Namba hizo za paketi, kama hukuwahi kuelezwa, ni unene kwa sehemu za elfu za inchi. 105 ni karibu milimita 2.7, 45 ni milimita moja na kidogo. Wengi huangalia ile ya E peke yake kwa kuwa ndiyo nene na inatisha, kumbe kwenye seti kama yako unaovuta kuliko wote mara nyingi ni D, ule wa 65. Unafika kilo 23 hivi, na E iko kwenye 18. Jaribu kukumbuka: unapopiga mapambo ya juu, katikati ya shingo, si ndipo kidole kinapochoka? Kwenye seti ya 40, 60, 80, 100 huo wa D unapungua kwa asilimia 15 na G kwa zaidi ya hapo, na shingo yote inapunguziwa mzigo wa zaidi ya kilo 10. Ndiyo maana tofauti ya "namba tano tu" inasikika mkononi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Nije kwa washauri wako. Nitakaa zaidi kwa mpiga kinanda, kwa sababu kosa lake nimelifanya mimi mwenyewe na liliniuma.

Nyuzi za raundi huzungushiwa waya wa mviringo, kwa hiyo juu yake kuna matutamatuta. Matuta hayo ndiyo yanayolia "kwii" na ndiyo yanayokukwaruza. Fleti huzungushiwa utepe bapa wa chuma, ukipitisha kidole ni kama unapapasa kioo. Mpiga kinanda kasema kweli, fleti ni laini. Lakini alichokisahau ni kwamba ulaini huo ni wa ngozi ya uzi. Mkazo wake ni habari nyingine. Utepe bapa hujaza nafasi zote, chuma kinakuwa kingi ndani ya unene ule ule, na uzi unakuwa mzito na mgumu kupinda. Fleti ya 105 mara nyingi huvuta kuliko raundi ya 105. Mimi nilinunua fleti za 105 nikiwa na vidole vilivyochubuka, nikitegemea pumziko. Vidole vilipona kweli. Kilichoanza kuuma ni mkono, mpaka kwenye kiwiko, na pesa ilikuwa imeshatoka.

Zipo fleti zilizotengenezwa makusudi ziwe na mkazo mdogo. Thomastik-Infeld wa Austria wanazo, na La Bella wa Marekani wanazo. Zipo pia nyuzi zilizofunikwa utepe wa nailoni mweusi juu ya chuma, laini sana, zenye sauti ya duara inayokaribia besi ile kubwa ya kusimama. Hizo zisikutishe kwa unene wake, nailoni ni nyepesi, kwa hiyo namba yake huwezi kuilinganisha na namba ya uzi wa chuma mtupu. Na gitaa lako litazisikia, kwa kuwa sumaku zinanasa ule msingi wa chuma ulio ndani. Tatizo langu ni upatikanaji. Hizi ni za kuagiza, bei yake iko juu, na zile nene za nailoni huenda zikahitaji kidaraja cha juu kichongwe. Kwa mtu mwenye pesa ya seti moja na harusi wiki ijayo, siwezi kukuambia uweke kila kitu hapo.

Mzee wa dansi nampa heshima yake. Amekulia katika mji uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, anajua besi inavyopaswa kukaa kifuani mwa mtu. Na anachosema kina ushahidi: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye santuri nyingi za kampuni ya Motown kule Detroit, Marekani, miaka ya 1960, alitumia fleti nene za La Bella, 52 mpaka 110, wala hakuwa akizibadilisha mpaka zikatike. Ila Jamerson alianza na besi kubwa ya kusimama. Mkono wake ulijengwa na nyuzi nzito zaidi ya hizo kabla hajagusa besi ya umeme. Wako unajengwa na mkasi na kitambaa, saa nane kwa siku, halafu jioni unaupa besi. Sugu zitaota, hilo halina shaka, na ncha za vidole zitaacha kuwaka. Lakini sugu haioti kwenye mshipa wala kwenye kano. Mzee umsikilize kwenye sauti, kwenye maumivu usimfuate.

Huyo wa Dar mwenye nyuzi fupi, mwambie ahsante. Besi ya inchi 30 ni laini kweli, uzi ule ule ukiwa kwenye besi fupi huvuta kwa asilimia 22 pungufu. Ulaini huo unatokana na gitaa fupi, haumo kwenye paketi. Uzi wa besi fupi ukiuleta kwenye gitaa la inchi 34, ama hautafika kwenye kigingi, ama utafika kwa shida na ile sehemu iliyopunguzwa unene au iliyofungwa nyuzi za hariri itaangukia mahali pa kupiga. Kwenye simu, kabla hujatuma pesa, mwulize neno moja: "Ni za inchi 34?"

Basi, kama jaribio la nusu toni limekupa nafuu, hukumu yangu ni hii: nunua raundi za nikeli, 40, 60, 80, 100. Paketi nyingine zitakuwa na tofauti ndogo kwenye A, isikusumbue. Nasema nikeli, usichukue stenlesi tena. Stenlesi ni chuma kigumu, kinakwaruza kidole na kinatoa mlio mkali kuliko yote. Wapiga roki wa Uingereza waliipenda kwa sababu hiyo, John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, alishirikiana na watengenezaji nyuzi Rotosound kutengeneza nyuzi za namna hiyo ili besi yake ilie kama piano. Wewe unapiga nyuma ya kinanda na fidla na sauti ya mama anayeimba mashairi. Tanga ndiko vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikoipa taarabu magitaa ya umeme na besi, na kwenye taarabu ya namna hiyo besi hutembea chini ya maneno bila kuyakanyaga. Nikeli ina ncha iliyopungua, na kwa jasho letu la pwani baada ya majuma machache itakuwa imepungua zaidi. Mpiga roki angelalamika, wewe utaipenda.

Ukali unaobaki utaondoa kwa mambo mawili. Zungusha kitufe cha toni chini, anza nusu, ongeza au punguza ukiwa ukumbini na siyo chumbani. Kisha kata kipande cha sponji, kile kile unachoweka mabegani mwa magauni, ukichomeke chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja la chini. Kiguse nyuzi kwa upole, kisizinyanyue. Noti itaanza kwa uzito na kukatika mapema, na utajikuta hulazimiki kupiga kwa nguvu. Watengenezaji magitaa Fender walikuwa wakiweka sponji ndani ya kifuniko cha daraja kiwandani kwenye besi zao za zamani, kwa hiyo usiseme unafanya mambo ya kubahatisha. Ukisikiliza hapo, zile fleti ulizokuwa unazitamani utazisikia kwa sehemu kubwa, mkazo wake haupo.

Siku ya kufunga, badilisha uzi mmojammoja, usivue zote nne kwa pamoja. Kunja uzi kwanza kwenye kigingi ndipo ukate, ukiacha wa kutosha kuzunguka mara mbili au tatu. Kisha liache gitaa siku mbili. Nyuzi mpya zinavuta kidogo, kwa hiyo shingo iliyokazwa kwa ajili ya zile nene itarudi nyuma, na unaweza kusikia nyuzi zinagonga freti za mwanzo. Watu wengi hapo hutukana nyuzi nyembamba wakarudisha nene. Rudi kwa fundi alegeze fimbo robo mzunguko, kadi ya harusi ipite tena. Akimaliza, mwambie alinganishe freti ya 12: mlio wa kugusa tu na mlio wa kubonyeza uwe sauti moja. Wa kubonyeza ukiwa juu, kiti cha uzi huo kwenye daraja la chini kisogezwe nyuma.

Chumvi ya bahari yetu na jasho ndivyo vilivyoua zile nyuzi za kwanza. Kila ukimaliza, futa uzi juu na chini kwa kipande cha pamba kikavu, kanga kuukuu inafaa kabisa, halafu gitaa liingie kwenye mfuko wake. Mafuta ya nazi usipake, yanakusanya vumbi.

Na hizo za 105 utakazovua, usizitupe. Zina miezi miwili tu. Zizungushe taratibu, kila moja kwenye bahasha yake, uandike uzi gani na tarehe ya kuvuliwa. Uzi ukikatika katikati ya harusi ya Muheza, hapo ndipo zilipo, na kwa wimbo mmoja au miwili mkono wako utazivumilia.

Mjomba